Baada ya Matanga: Mwongozo wa Kuchangia Mashirika Yanayohudumia Wahanga wa Uhalifu, Bukoba na Muleba

Mhanga wa uhalifu si yule tu aliyepigwa, aliyebakwa, aliyeibiwa au aliyeuawa. Azimio la Umoja wa Mataifa la tarehe 29 Novemba 1985, linaloeleza haki za msingi za wahanga, linawahesabu pia ndugu wa karibu na wanaomtegemea aliyedhurika, pamoja na yeyote aliyeumia akijaribu kumwokoa. Linaongeza jambo lenye uzito mkubwa vijijini: mtu ni mhanga hata kama mtenda hajakamatwa, na hata kama mtenda ni ndugu yake. Kwa kipimo hicho, nyumba moja ya Maruku iliyovamiwa usiku inaweza kuwa na wahanga saba au wanane: mjane aliyebaki na kibanja, watoto wanaosoma, bibi aliyerudishiwa wajukuu, na jirani aliyekatwa panga akiitikia yowe. Shirika linalowahudumia linawabeba wote hao.

Katika Buhaya msaada wa kwanza hautoki kwenye shirika lolote lililosajiliwa. Unatoka kwa majirani na kwa vikundi vya kuzikana, vile vinavyojulikana kwa jina la bujuni, neno lenye shina moja na kitenzi cha Kihaya okujuna, yaani kusaidia. Siku za msiba vikundi hivi hufanya kazi ambayo hakuna ofisi inayoiweza: sanda, jeneza, kuni, ndizi, maharage, na watu wa kulala na wafiwa. Ni hazina isiyofaa kudharauliwa. Lakini imejengwa kwa ajili ya kifo cha kawaida, ambacho gharama zake huisha matanga yakianuliwa. Kifo cha mauaji hakina mwisho wa namna hiyo. Kesi huanza watu wakishatawanyika, na kwa miezi au miaka familia hurudishwa kwenye siku ile ile kila inapoitwa polisi au mahakamani. Mashirika ya hisani yanahitajika hasa katika muda huo, kati ya matanga na hukumu, na hapo ndipo mchango wa mwananchi wa kawaida unapofanya kazi kubwa kuliko rambirambi.

Shauri la mauaji huanzia mahakama ya chini, ambayo haina mamlaka ya kulisikiliza. Hutajwa na kuahirishwa hapo, kwa kawaida kila baada ya wiki mbili hivi, mpaka upelelezi ukamilike na jalada lifike Mahakama Kuu, ambayo kwa Kagera ni Kanda ya Bukoba. Anayeshtaki ni Jamhuri, kupitia Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Mjane au mama wa marehemu haendeshi kesi; yeye ni shahidi, na mara nyingi hana wa kumweleza kwa nini tarehe imesogezwa. Anayetoka Maruku anaweza kwenda Bukoba mjini na kurudi siku hiyo hiyo. Anayetoka Nshamba au Kimwani hulipa nauli kubwa zaidi, na anayetoka visiwa vya Muleba kama Bumbire au Goziba huanza na boti, kisha gari, kisha mahali pa kulala.

Familia isiyo na fedha taslimu hugeukia kilicho karibu. Huuza kahawa ikiwa bado mtini, pengine ikiwa bado ua, kwa mnunuzi anayetoa bei ndogo kwa sababu anaijua shida ya muuzaji. Biashara hiyo, butura, imekatazwa na kupigwa vita mkoani kwa miaka mingi, lakini mtu mwenye wito wa mahakama mkononi hana nafasi ya kusubiri mavuno. Shirika linalolipa nauli ya mashahidi wawili kwa mwaka mzima huiwezesha kesi kusikilizwa na huiachia familia kahawa yake. Kwa sababu hiyo nauli inastahili kuwa jambo la kwanza katika hesabu ya mchangiaji, ingawa ndilo watu wanaloliona dogo kuliko yote.

Katika ukatili wa kingono kinachohesabiwa kwanza ni saa. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU sharti zianze ndani ya saa 72, na zikiwahi hufaa zaidi. Aliyedhurika afikishwe hospitali kabla hajaoga na kabla nguo hazijafuliwa: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Bukoba, Rubya, Ndolage au Kagondo kwa upande wa Muleba, Izimbya kwa sehemu ya Bukoba Vijijini. Polisi hutoa fomu namba tatu, yaani PF3, na Dawati la Jinsia na Watoto ndilo linalopaswa kupokea maelezo, mahali pa faragha. Taarifa ya mtoto inaweza kutolewa pia kwa simu namba 116, huduma ya bure inayoendeshwa na shirika la C-Sema. Njia ipo, basi. Kinachokwamisha ni bodaboda ya saa nne usiku, salio la simu, nguo ya kubadilisha, na mtu mzima wa kuandamana na mtoto huku mama akibaki na wadogo. Shirika linaloijua kazi hii huweka akiba ndogo ya dharura karibu na wananchi, mikononi mwa msaidizi wa kisheria au mhudumu wa jamii wa kata. Mchango wa kujaza akiba hiyo haupigiwi picha na hauna sherehe ya makabidhiano, lakini hakuna mwingine unaozaa matunda haraka hivyo.

Ukubwa wa tatizo haufai kukisiwa kwa habari zinazofika magazetini. Utafiti wa kitaifa wa ukatili dhidi ya watoto uliofanyika Tanzania mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na takriban mvulana 1 kati ya 7, walikuwa wamepatwa na angalau tukio moja la ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi hawakumwambia mtu. Huduma inayongoja mhanga aje ofisini mwenyewe itawakosa walio wengi, na mchangiaji ana haki ya kuuliza shirika linawafikiaje wasiokuja.

Mashirika yenyewe ni ya aina mbalimbali, na kosa linalorudiwa ni kupeleka mchango kwa lile lenye jina kubwa bila kuuliza kama linafanya kazi inayohitajika. Yapo ya msaada wa kisheria. Mkoani Kagera linajulikana MHOLA, lenye makao Bukoba, linalotoa msaada wa sheria hasa kwa wanawake na watoto na kufanya kazi na wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi hawa: ni watu wa kata hizo hizo, waliofundishwa, wanaoweza kumsindikiza mjane ofisini na kumwandikia barua kwa lugha ambayo karani ataipokea. Kitaifa wapo TAWLA, WiLDAF na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mwanza kuna Kivulini, lililoanza 1999 na linalojulikana kote Kanda ya Ziwa kwa kazi yake dhidi ya ukatili majumbani. Kwa watu wenye ualbino kuna chama chao wenyewe, TAS, kilichoanzishwa 1978, na Under the Same Sun, lililoanzishwa 2008 na Peter Ash wa Kanada, naye mwenye ualbino.

Kisha yapo yale ambayo hayana neno uhalifu kwenye jina, lakini hubeba waliobaki. Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikogunduliwa mwaka 1983, na mkoa ulijifunza kulea yatima mapema kuliko mingine. Kutokana na miaka hiyo zilizaliwa HUYAWA ya KKKT Dayosisi ya Kaskazini Magharibi, Humuliza ya Nshamba, ambayo jina lake la Kihaya lina maana ya kufariji, na Kwa Wazee, pia ya Nshamba, iliyoanza 2003 kwa kuwapa pensheni ndogo bibi wanaolea wajukuu. Mtoto aliyefiwa na mzazi kwa panga ana mahitaji mengi sawa na aliyefiwa kwa ugonjwa, na ana moja zaidi: hofu. Mashirika yaliyokaa na yatima kwa miaka mingi yanajua namna ya kukaa na mtoto asiyesema, ujuzi ambao hauwezi kununuliwa kwa semina ya siku mbili. Kanisa Katoliki, misikiti na vikundi vya kinamama navyo vina mifuko yao, na mara nyingi ndiyo inayofika kabla ya mingine yote.

Tukio la Muleba la mwaka 2024 linafundisha mengi kuhusu nani apokee msaada. Tarehe 30 Mei mtoto mwenye ualbino, wa umri wa miaka miwili na nusu, alichukuliwa nyumbani kwao katika kata ya Kamachumu. Mabaki ya mwili wake yalipatikana tarehe 17 Juni. Nchi nzima ilishtuka. Watu tisa walifikishwa mahakamani Bukoba, na miongoni mwao walikuwamo baba wa mtoto na padri. Kushtakiwa si kutiwa hatiani, na mwongozo huu hauna kazi ya kuhukumu. Lakini kwa anayetaka kusaidia, somo ni la wazi na linauma: neno familia halitoshi kuwa anwani ya mchango. Katika makosa mengi dhidi ya watoto na wanawake, mshukiwa anatoka ndani ya nyumba au ndani ya ukoo. Fedha ikikabidhiwa kwa msemaji wa familia, kwa baba mkubwa au kwa mwenyekiti wa ukoo, inaweza kugharimia utetezi wa mshukiwa badala ya matibabu ya mhanga. Shirika lenye afisa wa kesi huanza kwa kuuliza mlezi ni nani kwa sasa, nani analala na mtoto, na nani ana sababu ya kutaka shauri lizimike. Huwasiliana na afisa ustawi wa jamii wa halmashauri kabla ya kutoa hata shilingi. Mchangiaji anayepeleka fedha mwenyewe hana njia ya kuyajua hayo, na hiyo ndiyo sababu yenye nguvu kuliko zote ya kupitia shirika.

Kulitambua shirika la kweli si kazi ngumu. Shirika lisilo la kiserikali Tanzania Bara husajiliwa chini ya Sheria ya 2002 pamoja na marekebisho yake, na Msajili yuko chini ya wizara yenye dhamana ya maendeleo ya jamii. Mikoani na wilayani maafisa wa maendeleo ya jamii hufanya kazi kama wasajili wasaidizi, kwa hiyo mtu wa Maruku anaweza kuuliza katika Halmashauri ya Wilaya ya Bukoba, na wa Muleba katika halmashauri yake, kama shirika fulani linafahamika na kama limewasilisha taarifa ya mwaka. Taasisi nyingine, zikiwamo za dini, zimesajiliwa kama jumuiya chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani au zina bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA. Hilo si dosari, mradi cheti kionekane. Baada ya cheti huombwa taarifa ya kazi na hesabu zilizokaguliwa. Shirika dogo linaweza kuwa na hesabu za kurasa nne tu zilizoandikwa kwa mkono safi, na likaaminika kuliko lenye kitabu cha rangi. Kinachotafutwa ni kama anayeuliza anajibiwa bila hasira.

Jina la akaunti lichunguzwe herufi kwa herufi. Wakazi wa Bukoba hawahitaji mfano wa mbali. Baada ya tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 michango ilimiminika Kagera kutoka kila upande, na kabla mwezi haujaisha Rais John Magufuli alitengua uteuzi wa viongozi wawili wa ngazi ya mkoa na manispaa kwa tuhuma za kufunguliwa akaunti nyingine yenye jina linalofanana na la akaunti rasmi ya maafa. Hata palipo na kamati, mihuri na majina ya kuaminika, mchangiaji hana budi kuthibitisha namba ya akaunti kwa njia ya pili: kwa kupiga simu ofisini, kwa kufika mwenyewe, au kwa kumtuma mtu. Kwa michango ya simu tahadhari iwe zaidi. Namba binafsi inayosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp ikiambatana na picha ya jeraha, bila jina la shirika wala la mweka hazina anayefahamika, haifai kutumiwa hata senti, japo habari yenyewe iwe ya kweli. Matapeli huchukua msiba halisi na kuuwekea namba yao. Namba ya malipo ya taasisi humwonyesha mtumaji jina la mpokeaji kabla hajathibitisha. Jina hilo lisomwe, na ujumbe wa muamala utunzwe mpaka risiti ifike.

Makundi ya wana-Kagera waishio Dar es Salaam, Mwanza na nje ya nchi yana nguvu kubwa ya kuchangia, na udhaifu mmoja: hukusanya kwa kishindo katika wiki ya kwanza kisha hunyamaza. Kiasi hicho hicho kikigawanywa kwa miezi kumi na miwili hufanya kazi nyingi zaidi. Watu ishirini wanaotoa shilingi 10,000 kila mwezi huliwezesha shirika kuwa na shilingi 200,000 za uhakika. Kwa fedha hiyo mratibu anaweza kuahidi safari za mahakamani kabla ya tarehe kufika, wakati mchango mkubwa wa ghafla humlazimu kufikiri namna ya kuutumia kabla watu hawajaanza kuulizia. Kundi linalochangia kwa utaratibu huo lifanye makubaliano ya maandishi na shirika, hata ya ukurasa mmoja, yanayoeleza taarifa itatolewa lini na kwa nani.

Wachangiaji wengi husema fedha zao zisilipe mishahara. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Katika kazi hii mtumishi ndiye huduma. Mnasihi anayekaa na msichana kwa saa mbili kila wiki, mwanasheria anayesoma jalada la mirathi, dereva anayemtoa mwanamke kwenye nyumba ya hatari usiku: bila ujira wao hakuna kinachobaki isipokuwa bango la ofisi. Mnasihi mzuri akiondoka kwa kukosa mshahara, watoto waliomzoea huanza upya na mtu mpya, na baadhi hawaanzi tena. Inafaa kuuliza mishahara ni sehemu gani ya matumizi na kama bodi inaisimamia. Haifai kuikataza. Vivyo hivyo kwa mchango uliofungwa na masharti ya mtu mmoja au tukio moja lililovuma. Kesi iliyovuma hupata watu wa kuisaidia. Mjane ambaye jina lake halikutoka redioni hutegemea mfuko wa jumla.

Si kila msaada ni fedha. Mhasibu mstaafu anayelisaidia shirika dogo kuandaa vitabu vya hesabu kwa siku tatu analiondolea gharama ambayo ingelipa nauli za mwaka. Mwenye nyumba ya kupangisha mjini Bukoba anaweza kutenga chumba kimoja kwa ajili ya mashahidi wanaotoka mbali. Fundi cherehani anaweza kumpokea msichana aliyeacha shule na kumfundisha kazi. Wazee wengi wa vijijini husema Kihaya kwa ufasaha na Kiswahili kwa taabu. Mtu anayezijua lugha zote mbili na anayeweza kutunza siri ana thamani kubwa wakati wa kuandika maelezo, kwa sababu kosa moja la tafsiri katika maelezo ya polisi hurudi kumsumbua shahidi kizimbani miezi mingi baadaye. Vyakula, magodoro na sare za shule vinapokewa pia, ila kwa kuuliza kwanza. Nguo kuukuu zisizovalika ni mzigo kwa mpokeaji na dharau kwa aliyefiwa.

Anayejitolea kukaa na watoto akubali kuchunguzwa. Shirika linalompokea mtu yeyote mwenye tabasamu na kumwachia mtoto faraghani halijajifunza chochote kutokana na makosa linayoyahudumia. Inapasa kuwe na barua ya mwenyekiti wa mtaa au kijiji, wadhamini, kanuni ya kutokaa na mtoto peke yake, na njia ya mtoto kulalamika. Anayejitolea kwa moyo safi hataona haya kuwa matusi.

Siri ya mhanga ni mali yake, na ndiyo inayopotea upesi kuliko kitu kingine chochote. Mashauri ya makosa ya kingono husikilizwa faragha, lakini siri inayolindwa mahakamani huweza kuvunjwa na mfadhili anayeomba picha ya makabidhiano. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazifunga taasisi zinazokusanya habari za watu, yakiwamo mashirika ya hisani. Kwa desturi njema ya kazi hii, taarifa kwa mchangiaji hutaja idadi na huduma, bila jina, bila sura, bila jina la kitongoji. Katika kijiji chenye kaya mia mbili, kusema tu kwamba aliyesaidiwa ni binti wa darasa la sita mwenye mama mjane kunatosha kumtambulisha. Mchangiaji anayeridhika na taarifa isiyo na picha anatoa zawadi ya pili juu ya ile ya fedha.

Kikwazo kikubwa cha haki vijijini kina jina la upole: kumalizana. Familia ya mtuhumiwa hufika usiku na wazee, huleta fedha, mbuzi au ahadi ya ndoa, na shauri hufia mikononi mwa mashahidi wasiotokea. Wanaokubali si wote wenye tamaa. Wengi wamechoka, wana deni, na wataendelea kuishi mpaka kwa mpaka na upande wa pili, migomba ya huku ikigusa ya kule. Shirika haliwezi kuwakaripia watu hao. Linaweza kuziondoa sababu za kuchoka: kulipa deni la hospitali, kumhamishia mtoto shule nyingine, kumpatia mama mtaji mdogo ili asiishi kwa hisani ya ukoo wa mtuhumiwa, na kuwapa habari za kesi kwa wakati. Pale ambapo kuna vitisho, Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya 2015 ipo, na msaidizi wa kisheria anaweza kueleza namna ya kuomba ulinzi. Kamwe fedha ya mchango isitumike kugharimia vikao vya kumaliza kesi ya jinai nje ya mahakama, hata kama wanaoitisha ni watu wa heshima na maneno yao ni ya amani.

Kwa wajane wa watu waliouawa kuna pigo la pili, nalo ni kibanja. Mume akifa, na hasa akifa ghafla bila wosia, ndugu huweza kudai shamba ni la ukoo. Kagera ina historia yake katika jambo hili: mwaka 1990, katika kesi iliyotoka mkoani humu kuhusu mwanamke aliyeuza shamba la ukoo alilorithi, Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kwamba kanuni ya mila ya Kihaya iliyomnyima mwanamke haki hiyo inapingana na Katiba. Hukumu hiyo hufundishwa katika vyuo vya sheria mbali na Tanzania, na bado wapo wajane Muleba wanaofukuzwa kana kwamba haikuandikwa. Mirathi mingi ya kijijini hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo, ambako huhitajika cheti cha kifo, kumbukumbu za kikao cha ukoo na muombaji wa usimamizi. Mjane asiye na mtu wa kumwongoza hukosa kimoja kati ya hivyo na kukosa vyote. Kuchangia msaada wa mirathi kunaonekana kuko mbali na habari ya uhalifu, lakini familia ikipoteza kibanja inapoteza chakula, kahawa, makaburi na mahali pa kusimama kama mashahidi.

Nchi nyingine zimejibu haja hii kwa njia tofauti. Uingereza, shirika la Victim Support lilianzia Bristol mwaka 1974 kama kazi ya watu wa kujitolea. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Wahanga mwaka 2014, ikiweka msingi wa mfuko wa umma. Karibu zaidi na Kagera, ng'ambo ya Rwanda, Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa 1999 na Dkt. Denis Mukwege, imeonyesha kwamba matibabu, unasihi, sheria na kipato vinapaswa kupatikana chini ya paa moja, maana mwanamke aliyetibiwa na kurudishwa kwenye ufukara hurudi tena hospitalini. Wazo hilo hilo limo katika vituo vya mkono kwa mkono vilivyofunguliwa katika baadhi ya hospitali za Tanzania. Mchangiaji anaweza kulitumia kama kipimo: shirika dogo la Bukoba si lazima lifanye yote manne, lakini lionyeshe linampeleka wapi mhanga kwa yale lisiyoyafanya, na kwamba linamsindikiza mpaka mlangoni badala ya kumpa jina la ofisi kwenye karatasi.

Hukumu ikishatoka, kazi haijaisha. Mahakama inayomtia mtu hatiani inaweza kuamuru alipe fidia, na katika kosa la kubaka sheria yenyewe inataja fidia kwa aliyedhurika. Amri hiyo hailipwi kwa kusomwa tu. Mara nyingi familia hulazimika kurudi kuomba ikaziwe, baada ya kupata nakala ya hukumu na kujua mfungwa ana mali gani na iko wapi. Ni kazi ya karatasi na ya safari, na wengi huiacha. Mshtakiwa akiachiwa huru, iwe kwa ushahidi kutotosha au kwa rufaa, hurudi kijijini, na siku hiyo mtoto aliyetoa ushahidi anahitaji mahali pa kulala palipoandaliwa mapema. Kwa sababu hizo shirika makini hulifunga jalada la familia miezi mingi baada ya hukumu, na mchangiaji anayetaka kujua kama fedha yake imefanya kazi huuliza, miongoni mwa maswali mengine, majalada mangapi bado yako wazi, na ni nani aliyeitembelea kila nyumba mara ya mwisho.